Soko la utabiri la kripto na mkazi wa eneo lililozuiwa: ni halali au la? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya yamejengwa juu ya Polymarket, kwa sababu ndilo soko la utabiri la kripto linaloulizwa zaidi na ndilo lililogombana na wadhibiti wengi kuliko mengine. Mambo mengi ya hapa yanahusu pia masoko yanayofanana nalo. Hali ya sheria ni ile iliyokuwapo hadi mwishoni mwa 2025.

Nataka jibu fupi. Ni halali au si halali?

Kuna milango mitatu, na kila mlango una bawabu wake. Wa kwanza ni jukwaa lenyewe: je, masharti yake yanamkubali mkazi wa nchi yako? Wa pili ni sheria ya mahali ulipo: je, inachukulia jambo hili kuwa kamari, mkataba wa fedha, au vyote viwili, na inamwadhibu nani? Wa tatu ni njia ya pesa: je, benki kuu inaruhusu shilingi, faranga au dirhamu yako igeuzwe kuwa kripto na kurudi?

Ili uwe halali lazima milango yote mitatu iwe wazi. Kosa tunalolikuta kila siku ni mtu kuangalia wa kwanza tu. Ukurasa umefunguka, basi anaona ameruhusiwa. Mkazi wa Dubai ukurasa humfungukia, ilhali sheria ya jinai ya huko inamwadhibu mcheza kamari mwenyewe. Mkazi wa London ukurasa humkatalia, ilhali sheria ya Uingereza haimfanyi mtu mzima kuwa mhalifu kwa kubashiri tu. Tafadhali soma mistari hiyo miwili tena kabla ya kuendelea, maana karibu maswali yote yaliyobaki yanatoka humo.

Soko la utabiri lina tofauti gani na kubeti kwa kawaida?

Ukiweka mkeka kwenye kampuni ya kubeti, kampuni ndiyo inayopanga odi na ndiyo inayokulipa. Kwenye soko la utabiri unanunua hisa ya "Ndiyo" au ya "Hapana" kutoka kwa mtu mwingine. Hisa ikiuzwa senti 62 maana yake soko linaona uwezekano wa takriban asilimia 62. Tukio likitokea, hisa ya Ndiyo inalipa dola 1 kamili. Lisipotokea inalipa sifuri. Katikati ya safari unaweza kuuza na kutoka.

Polymarket ilianzishwa mwaka 2020 na Shayne Coplan huko New York. Kwa miaka yake yote ya mwanzo imetumia USDC, sarafu inayofuata thamani ya dola, kwenye mtandao wa Polygon.

Tofauti hii ndiyo inayozua mgogoro wa kisheria. Marekani inasema hisa ya namna hiyo ni mkataba wa fedha, kwa hiyo ni kazi ya CFTC, wakala wa serikali kuu unaosimamia masoko ya mikataba ya bidhaa. Ufaransa, Singapore, Uswisi na Australia zinasema ni kamari. Kitu kile kile kinabadilika jina ukivuka mpaka, na adhabu yake inabadilika pia.

Kwa nini nchi nyingine zimezuiwa?

Sababu si moja.

Marekani ilitangulia. Januari 2022 CFTC iliitoza Polymarket faini ya dola milioni 1.4 kwa kuendesha masoko bila usajili, na tangu hapo jukwaa likawafungia wakazi wa Marekani. Novemba 2024, siku chache baada ya uchaguzi wa rais, FBI walipekua nyumba ya Coplan na kuchukua simu yake. Julai 2025 uchunguzi ulifungwa bila mashtaka.

Ufaransa iliingia mwezi huo huo wa Novemba 2024. Mfaransa mmoja aliyekuwa akitumia akaunti kadhaa alikadiriwa kuvuna takriban dola milioni 85 kwa ushindi wa Donald Trump. Mdhibiti wa kamari, ANJ, akaanza kuuliza maswali, na jukwaa likawafungia Wafaransa kununua. Uswisi ikafunga mwezi huo huo. Singapore, Ubelgiji na Poland zikafuata Januari 2025, Australia Agosti 2025, Romania Oktoba 2025.

Kundi jingine ni nchi zilizozuiwa na jukwaa lenyewe kwa hofu ya vikwazo vya kimataifa: Iran, Korea Kaskazini, Cuba, Syria na nyingine. Humo ndimo zilimo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, Burundi, Sudan Kusini, Somalia na Ethiopia.

Niko Bukavu na nimezuiwa. Maana yake sheria ya Congo imenikataza?

Hapana, hayo ni mambo mawili. Kizuizi hicho kimewekwa na jukwaa, si na Kinshasa. Orodha ya jukwaa inafanana sana na orodha za nchi zenye mipango ya vikwazo ya Marekani, na Congo imo tangu 2006 kwa vikwazo vinavyowalenga watu binafsi na makundi, si raia wote. Kampuni hupendelea kufunga nchi nzima kuliko kuchuja jina kwa jina. Tunaona huu ni uonevu kwa watu wa kawaida wa Kivu, lakini ni haki ya kampuni kuchagua wateja wake, na masharti yake yanakufunga ukishayakubali.

Burundi ni mfano wa wazi zaidi. Marekani iliondoa mpango wake wa vikwazo dhidi ya Burundi Novemba 2021, na bado Burundi imebaki kwenye orodha ya jukwaa. Hata hivyo mkazi wa Bujumbura ana mlango mwingine uliofungwa: benki kuu ya nchi ilipiga marufuku biashara ya sarafu za kidijitali mwaka 2019. Kwa hiyo jukwaa likiitoa Burundi kwenye orodha kesho, njia ya pesa bado itakuwa na kufuli.

Nitajuaje hasa kama eneo langu limezuiwa?

Usitegemee picha za skrini za WhatsApp. Fanya hivi:

1. Zima VPN yoyote (programu inayoficha mahali ulipo mtandaoni), pamoja na ile iliyojificha ndani ya kivinjari au ya kazini.
2. Soma orodha ya vizuizi vya maeneo kwenye nyaraka rasmi za jukwaa. Kuna aina mbili za alama: nchi iliyofungwa kabisa, na nchi ambayo unaruhusiwa kufunga nafasi zako tu, yaani kuuza bila kununua tena. Poland, Singapore, Thailand na Taiwan zimewahi kuwa kwenye aina hiyo ya pili.
3. Angalia pia mikoa. Canada haijafungwa yote, ila Ontario imefungwa. Ukraine haijafungwa, ila Crimea, Donetsk na Luhansk zimefungwa.
4. Fungua polymarket.com/api/geoblock. Utaona mstari mfupi wenye vitu vinne: blocked, ip, country na region. Kwenye blocked kukiwa na true, umezuiwa. Kwenye country utaona herufi mbili za nchi: TZ, KE, UG, CD, BI.
5. Hifadhi nakala ya masharti yenye tarehe ya siku hiyo. Orodha hubadilika, na siku ya ugomvi utahitaji kuonyesha ulichosoma.

Mashine hiyo inasoma anwani ya IP tu, yaani namba ya muunganisho wako wa intaneti. Haijui unaishi wapi.

Naishi Goma lakini natumia laini ya Rwanda, na ukurasa unafunguka. Nimeruhusiwa?

Hujaruhusiwa. Simu yenye laini ya Rwanda inayoshika mnara wa ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, itaonekana iko Rwanda. Vivyo hivyo laini ya Tanzania ikiwa ugenini Bujumbura: mara nyingi data ya ugenini hurudishwa kwanza kwenye mtandao wa nyumbani, hivyo IP husoma TZ ingawa mwili uko Burundi. Hujafanya ujanja wowote, simu ndiyo ilivyo. Lakini masharti yanazungumzia mahali unapokaa na mahali ulipo, hayazungumzii herufi mbili za IP. Ukiombwa uthibitisho wa makazi siku ya kutoa pesa, kitambulisho cha Goma kitasema Goma.

Kinyume chake pia hutokea. Mtu yuko Arusha, kompyuta ya ofisi inapitia seva ya London, na anaambiwa amezuiwa. Huyo tatizo lake linaisha akitumia intaneti ya kawaida ya nyumbani.

Kinachoangaliwa ni uraia au makazi?

Makazi na mahali ulipo, mara chache uraia. Mkenya anayeishi Minneapolis ni mkazi wa Marekani. Akija Mombasa likizo ya wiki tatu, ukurasa utamfungukia, lakini kwa masharti bado ni mtu wa Marekani. Mtanzania anayeishi Mwanza akisafiri kwenda London kwa siku kumi, atazuiwa akiwa huko hata kama makazi yake hayajabadilika. Kwa watu wa vikwazo, jina lako kwenye orodha linatosha, popote ulipo.

Kwa mkazi wa Tanzania hali ikoje?

Mlango wa jukwaa: Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zilizozuiwa.

Mlango wa kamari: Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, inamtaka anayeendesha michezo hii awe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Bodi hutoa orodha ya wenye leseni. Tafuta jina la jukwaa humo. Kukosekana kwa jina kuna maana kubwa kwako hata kama hakuna askari atakayekugongea. Ukidhulumiwa, huna mdhibiti wa kumlalamikia. Bodi haiwezi kumwita mwendeshaji ambaye haikumpa leseni.

Mlango wa pesa ndio mgumu. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwamba sarafu za mtandaoni si fedha halali na kwamba biashara yake inakwenda kinyume na kanuni za fedha za kigeni. Halafu Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamisho wa mali za kidijitali. Watu husema: kama wanatoza kodi, basi wameruhusu. Hoja hiyo ni dhaifu. Kodi hutozwa kwenye kipato bila kuhalalisha chanzo chake, na tangazo la 2019 halifutwi na kifungu cha kodi.

Na Kenya?

Kenya imepiga hatua, na 2025 ulikuwa mwaka mzito. Agosti ilipata Sheria ya Udhibiti wa Michezo ya Kubahatisha iliyochukua nafasi ya ile ya 1966. Oktoba ilisainiwa sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, inayogawa usimamizi kati ya Benki Kuu ya Kenya na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kodi ya asilimia 3 ya mali za kidijitali iliyoanza 2023 imeondolewa, badala yake kuna ushuru wa asilimia 10 kwenye ada anazotoza mtoa huduma, tangu Julai 2025.

Kwa hiyo kumiliki USDC si tatizo Nairobi. Kinachobaki ni kama soko la utabiri la nje lina leseni ya mtu yeyote hapa. Likiitwa kamari, linahitaji mdhibiti wa kamari. Likiitwa mkataba wa fedha, linahitaji Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mzigo wa leseni unamwangukia mwendeshaji, ila wewe ndiye unayebaki bila kinga.

Uganda je?

Aprili 2022 Benki Kuu ya Uganda iliwakataza watoa huduma za malipo wenye leseni kusaidia kugeuza kripto kuwa pesa ya simu, na mwaka 2023 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kulipinga katazo hilo. Kumiliki hakukufanywa jinai, ila ukipitisha pesa kwenye laini yako unaweza kufungiwa akaunti, na mtoa huduma atakuwa ametii agizo.

Niko Marekani. Kuna njia halali?

Ipo, na ndiyo maana hakuna sababu ya kuhangaika na ukurasa wa kimataifa. Kalshi, soko la utabiri la Marekani, ilipata leseni ya CFTC mwaka 2020, na Septemba 2024 ilishinda mahakamani haki ya kuweka mikataba ya uchaguzi. Polymarket nayo ilinunua QCEX, soko lenye leseni ya CFTC, kwa dola milioni 112 Julai 2025, na mwishoni mwa mwaka ikaanza kuwarudisha wakazi wa Marekani kupitia programu tofauti yenye uhakiki wa utambulisho. Angalia vizuri: ni programu mbili. Kuwa na ruhusa ya ile ya Marekani hakukupi ruhusa ya ile ya kimataifa.

Mikataba ya michezo ina mgogoro wake. Nevada, New Jersey na Massachusetts ni kati ya majimbo yanayodai kwamba huko ni kubeti bila leseni ya jimbo, na kesi zinaendelea. Ukiishi kwenye majimbo hayo, soma taarifa ya jimbo kabla ya kugusa soko la mpira.

Uingereza, Ulaya na Canada?

Uingereza inaliona soko la namna hii kuwa shughuli inayohitaji leseni ya Tume ya Kamari chini ya sheria ya 2005. Kosa ni la anayetoa huduma bila leseni. Ufaransa hali inafanana chini ya sheria ya 2010, na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: kifungu cha 1965 cha sheria yao ya madai hakimpi mtu haki ya kudai mahakamani deni la mchezo au malipo ya dau. Ukinyimwa ushindi wako na mwendeshaji asiye na leseni, hakimu wa Lyon hatakusikiliza.

Canada ina katazo la mikataba ya ndiyo-au-hapana yenye muda chini ya siku 30 kwa watu binafsi tangu 2017, ingawa British Columbia haikujiunga wakati huo. Aprili 2025 kampuni za Polymarket zilikubaliana na mdhibiti wa Ontario kulipa dola za Canada 200,000 pamoja na gharama, na kutorudi kwa miaka miwili. Mkongomani wa Toronto yuko eneo lililofungwa. Ndugu yake wa Calgary hayuko kwenye orodha ya jukwaa, lakini katazo la siku 30 linamgusa yeye pia.

Niko Ghuba. Ukurasa unafunguka bila shida. Kuna ubaya gani?

Hapa tunaomba usikilize kwa makini kuliko popote. Katika Falme za Kiarabu, sheria ya makosa na adhabu ya 2021 inamwadhibu mcheza kamari kwa kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi dirhamu 20,000. Mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya kibiashara iliyoundwa Septemba 2023 hutoa leseni, na kilicho nje ya leseni hizo kimebaki jinai. Sheria ya makosa ya mtandao, Namba 34 ya 2021, inaongeza kwamba anayeficha IP yake ili kutenda kosa anakabiliwa na kifungo, faini ya dirhamu 500,000 hadi 2,000,000, au vyote. Yaani VPN inaweza kuligeuza kosa la dirhamu 20,000 kuwa la nusu milioni.

Oman, Saudia na Qatar nazo zinakataza kamari. Mfanyakazi wa nyumbani au dereva aliyetoka Tanga au Kilifi ana kitu kingine cha kupoteza: kibali cha kazi na haki ya kubaki nchini. Dola 30 za ubashiri hazifai kuwekwa kwenye mizani moja na hayo.

Kuna nchi nyingine ambako mchezaji mwenyewe huadhibiwa?

Singapore: anayecheza na mwendeshaji asiye na leseni anaweza kutozwa faini ya hadi dola za Singapore 10,000, kufungwa hadi miezi 6, au vyote. Taiwan: watu walichunguzwa kwa kubashiri uchaguzi wa Januari 2024 kupitia Polymarket. Blokucheni, yaani daftari la pamoja la miamala ya kripto, haikuwaficha, kila muamala uko hadharani, na pochi iliyojazwa kutoka kwenye soko la kripto lenye jina lako inafuatika.

Nikitumia VPN nani atajua?

Swali si nani atajua leo. Tatizo huja siku ya kutoa pesa, na huja kwa njia nne.

Kwanza, seva za VPN zinazojulikana ziko kwenye orodha za kibiashara ambazo majukwaa hununua. Pili, VPN hukatika. Sekunde kumi tu za IP halisi wakati oda inatumwa zinatosha kuacha alama. Tatu, ukiombwa kitambulisho, hakitalingana na nchi uliyodai. Nne, umekiuka masharti yanayokataza hilo waziwazi, kwa hiyo huna mguu wa kusimamia unapolalamika. Wengi wa wanaokwama na salio walikuwa na haki kwenye ubashiri wao, wakaipoteza kwa sababu ya njia waliyoingilia.

Kwa Tanzania ongeza hili: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi, iliwataka wanaotumia VPN kujisajili, na kanuni za maudhui za 2020 zina faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12 kwa wanaokiuka.

Nilinunua hisa nikiwa Nairobi, sasa nimehamia Paris. Zitapotea?

Hazipotei, lakini usichelewe. Una njia mbili.

Ya kwanza ni kuuza. Tuseme una hisa 400 za Ndiyo ulizonunua kwa senti 35, jumla dola 140. Ukifungua daftari la oda unaona wanunuzi: hisa 150 kwa senti 41, 200 kwa senti 38, na 50 kwa senti 33. Ukibonyeza kuuza zote mara moja utapata 61.50 + 76 + 16.50, yaani dola 154, wastani wa senti 38.5, ingawa skrini ilikuonyesha 41. Kwenye soko dogo pengo hili huwa kubwa zaidi. Afadhali weka oda ya bei unayoitaka na usubiri, kama jukwaa bado linakuruhusu kufunga nafasi.

Ya pili ni kusubiri tukio liamuliwe. Hisa zako zimo kwenye mkataba wa kidijitali ulio juu ya Polygon, hazimo mfukoni mwa kampuni. Zikishinda, kila moja inakombolewa kwa dola 1. Kama ulifungua akaunti kwa barua pepe, toa nakala ya ufunguo wa siri wa pochi yako mapema kupitia mipangilio, uuandike kwenye karatasi, na usiupige picha. Asiye na ufunguo huo hutegemea ukurasa ufunguke, na ukurasa wa nchi iliyofungwa hauna ahadi hiyo.

Mwambie mtoa huduma kwamba umehama. Barua moja ya tarehe ya kuhama hutofautisha aliyehama na aliyejificha.

Niko eneo lililoruhusiwa. Pesa hukwama wapi?

Karibu kila mara ni kwenye mtandao wa sarafu. Mtu ananunua USDT, sarafu nyingine inayofuata dola, kwa M-Pesa kutoka kwa muuzaji binafsi, anaituma kwa mtandao wa Tron kwa sababu ada ni ndogo, kumbe ukurasa wa kuweka pesa ulimwonyesha anwani ya Polygon na sarafu ya USDC. Kabla ya kutuma linganisha vitu vitatu: jina la sarafu, jina la mtandao, na herufi nne za mwisho za anwani. Tuma dola 10 kwanza, zione zimefika, ndipo utume zilizobaki. Kumbuka pia Polygon ina USDC mbili, ya asili na ile iliyovushwa kutoka Ethereum iitwayo USDC.e. Jukwaa lilitumia hiyo ya pili, na salio la ile ya kwanza huhitaji kubadilishwa kabla halijaonekana.

Upande wa shilingi, pokea pesa kutoka kwenye laini yenye jina lile lile la muuzaji. Pesa ikitoka kwa mtu wa tatu inaweza kuwa imeibwa, mwenyewe akaomba irudishwe, na laini yako ikafungiwa wakati kripto imeshaondoka.

Jukwaa likiamua matokeo vibaya, nitalalamika wapi?

Hakuna hakimu wa nchi yoyote. Maamuzi hupitia mfumo wa UMA: mtu anapendekeza jibu na kuweka dhamana, kwa kawaida dola 750, kuna saa 2 za kupinga, ikipingwa mara ya pili, wenye sarafu ya UMA hupiga kura kwa siku kadhaa. Mwenye sarafu nyingi ana kura nyingi. Machi 2025 soko la mkataba wa madini wa Ukraine, la takriban dola milioni 7, lilifungwa kwa "Ndiyo" kabla mkataba haujasainiwa, na waliopoteza hawakurudishiwa. Somo la vitendo: soma kanuni za soko neno kwa neno, hasa chanzo cha uamuzi na tarehe ya mwisho, maana kura hufuata maandishi hayo na si kichwa cha swali.

Kuna kitu naweza kutumia bila wasiwasi nikiwa eneo lililofungwa?

Kama unapenda utabiri wenyewe, Metaculus haikudai uweke pesa yoyote na hupima usahihi wako kwa alama. Manifold hutumia sarafu ya mchezo. Bei za Polymarket pia unaweza kuzisoma kama habari pale ukurasa unapoonekana. Kinachozuiwa ni oda. Wanahabari na wanafunzi wengi wanahitaji hilo tu.

Nataka jibu la maandishi kutoka kwa mdhibiti. Nimwandikieje?

Andika barua pepe fupi kwa mdhibiti wa kamari wa nchi yako, nakala kwa benki kuu. Taja jina la jukwaa na anwani ya tovuti. Eleza bidhaa kwa sentensi mbili: hisa ya ndiyo au hapana, inalipa dola 1 au sifuri, malipo ni kwa USDC. Kisha uliza mambo manne yaliyotenganishwa: je, bidhaa hii ni mchezo wa kubahatisha kwa sheria yenu, je, mwendeshaji huyu ana leseni, je, mkazi anayetumia bila leseni hiyo anatenda kosa, na kwa kifungu kipi, je, kuna katazo la kugeuza fedha ya nchi kuwa USDC kwa lengo hili. Usiulize "ni halali?" kwa mkupuo mmoja, kwa sababu utajibiwa kwa sentensi moja isiyokusaidia. Jibu likija, lihifadhi pamoja na ile nakala ya masharti yenye tarehe. Lisipokuja ndani ya wiki nne, peleka nakala iliyochapwa ofisini kwao na uombe muhuri wa kupokelewa.